Mpingo Miaka Sabini, Tete Wiki Moja

Jumapili, Munich

Nimekuja Ujerumani kumtembelea dada yangu, naye hakuchelewa kunipa kazi. Hata chai haijapoa ananiambia: "Binti ana usaili wa okestra Jumamosi, mji mwingine kabisa, na mimi nina zamu hospitalini wiki nzima. Msindikize wewe, mjomba mtu."

Mpwa wangu ni mpiga obo. Nyumbani Kilwa Masoko watu wakiniuliza obo ni nini huwaambia ni zumari la Kizungu, na wala si uongo. Zote mbili ni mti uliotobolewa, na zote mbili zinalia kwa vipapi viwili vyembamba vinavyotetema mdomoni. Mzee aliyepiga zumari kwenye ngoma za harusi nilipokuwa mdogo alivimbisha mashavu kama bunju aliyetolewa majini, akavuta pumzi kwa pua huku anapuliza kwa mdomo, wimbo usikatike. Mpwa wangu anaijua mbinu hiyo. Ila yeye mashavu hayavimbi, na midomo ameikunja kufunika meno kama bibi asiye na meno anayeonja mchuzi wa moto.

Nilitarajia chumba cha mwanamuziki: karatasi za noti, labda picha ya Mozart ukutani. Nikakuta karakana. Visu vitatu vimepangwa juu ya kitambaa, jiwe la kunolea limelowa, randa ndogo unayoweza kuiweka mfukoni, kipimo cha unene chenye mshale, nyuzi za rangi saba, kipande cha nta na glasi ya maji yenye vijiti vinaelea. Sakafuni kuna maganda. Mimi ni seremala miaka thelathini na mbili sasa, harufu ya maganda naijua.

"Shikamoo Mjomba. Karibu. Usiguse kile kisu cha katikati."

"Marahaba mama. Nani anakunolea?"

"Mwenyewe."

Nikakijaribu kwenye vinyweleo vya mkono. Kilinyoa. Kuanzia hapo sikumwita tena mtoto.

Dada kaninong'oneza jikoni kwamba mwaka fulani alikuta karatasi za kusokotea sigara kwenye begi la binti, akalia usiku kucha. Kumbe maji ya pumzi huingia kwenye matundu ya obo na kuiziba sauti, na wapigaji wote duniani huyanyonya kwa karatasi hizo.

Jumatatu

Leo hatukutoka. Yeye alitengeneza tete, vile vipapi viwili vya mdomoni, toka saa mbili asubuhi mpaka jua lilipozama, ambalo huku majira haya ya baridi huzama saa kumi na nusu, na mimi nilikaa kwenye kigoda namtazama.

Tete lenyewe ni nyasi. Ndugu mkubwa wa matete yetu ya mtoni, linaota pwani ya kusini ya Ufaransa, upande wa Var, karibu na mji wa Fréjus. Linaachwa likue kama miaka miwili, linakatwa wakati wa baridi, linakaushwa juani mpaka ligeuke rangi ya asali. Mpwa wangu hununua vipande vyenye upana wa kidole cha mtoto, milimita 10 na ushee. Anakipasua mara tatu. Anatupa kilichopinda. Kilichonyooka anakiweka kwenye ile randa, nayo inachimba upande wa ndani mpaka unene ubaki kama milimita 0.6. Nilimwomba nijaribu. Kipande cha kwanza nilikitoboa. Cha pili nikakitoboa. Cha tatu alininyang'anya.

Kisha analiloweka, analikunja katikati, analichonga pembeni lifuate umbo, analifunga kwa uzi uliopakwa nta kwenye kijibomba cha shaba kilichovishwa gome laini la kutengenezea vizibo vya chupa. Sasa una kitu kinachofanana na tete lakini hakilii, kwa sababu nchani bado kimeziba. Anakata ncha. Ndipo kinaanza kisu.

Hapa ndipo siku ilipoishia. Anaingiza kibamba chembamba katikati ya papi mbili ili kisu kisipitilize, anakwangua mara nne, anatoa kibamba, anapuliza tete peke yake. Linalia kama kunguru mwenye mafua. Anasikiliza, anakwangua mara mbili, anapuliza tena. Nchani unene unashuka chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita, na bado upande wa kushoto lazima ulingane na wa kulia. Mimi nikikosea mlango kwa milimita moja, mwenye nyumba hata hajui. Yeye akikosea kwa unywele mmoja, tete limekufa.

Tete kumi na moja mpaka jioni. Matatu aliyaweka kando akasema "labda". Mengine aliyavunja kwa dole gumba bila huruma, apate kijibomba chake.

"Na hilo zuri linadumu muda gani?"

"Likiwa na bahati, wiki moja ya kazi. Labda mbili."

Nikafikiria mti wa obo yake. Ni mpingo, huo huo wa kwetu, mti wa miaka sabini mpaka mia ndipo uvunwe.

Nikamwuliza kwa nini asinunue tete dukani. Yapo, alisema, na wapo wanaonunua, lakini kila mdomo una umbo lake na kila ukumbi una hewa yake. Wamarekani hawakwangui kama yeye: kisu chao hushuka mpaka karibu na uzi, na mtindo huo uliota Philadelphia, kwa Mfaransa mmoja aitwaye Marcel Tabuteau aliyekaa kiti cha obo ya kwanza katika okestra ya kule tangu 1915 mpaka 1954. Nikakumbuka mafundi wa milango ya Lamu na wa Unguja, jinsi kila upande unavyoona mwenzake anaharibu mbao.

Jumanne, Garmisch

Alisema kichwa kimejaa, twende tukaone nyumba ya mtu. Treni ya saa moja na kitu kuelekea kusini, milima ikazidi kusogea mpaka ikatukalia usoni. Wenye mji wanakuonyesha Zugspitze, mita 2,962, mrefu kuliko yote Ujerumani. Nikasema vizuri. Mtu wa nchi yenye Kilimanjaro ajifunze kunyamaza akiwa mgeni.

Nyumba yenyewe iko mtaa wa Zoeppritzstraße, namba 42, nyuma ya uzio na miti. Mtunzi Richard Strauss aliijenga mwaka 1908 kwa pesa za opera yake *Salome*. Hatukuingia, tulisimama barabarani kama wadai. Pale, huku tunapiga miguu chini kwa baridi, ndipo alipoanza kunieleza habari ya John de Lancie, na nikaona kwamba hiyo ndiyo sababu ya safari.

Aprili 1945 wanajeshi wa Marekani waliingia Garmisch. Strauss alikuwa anakaribia miaka 81, nyumba za opera alizozifanyia kazi maisha yake yote zimekuwa vifusi. Alitoka mlangoni akajitambulisha kwa askari kwamba yeye ndiye mtunzi wa *Rosenkavalier* na *Salome*, na nyumba yake haikuchukuliwa. Miongoni mwa askari waliokuja kumtembelea baadaye alikuwemo kijana wa miaka 23, John de Lancie. Kabla ya vita alikuwa mpiga obo wa kwanza wa okestra ya Pittsburgh. Siku moja kijana akajipa moyo. Akamkumbusha mzee sehemu zote nzuri alizoiandikia obo ndani ya kazi zake, kama ile ya *Don Juan*, kisha akamwuliza: hujawahi kufikiria kuiandikia obo koncheto nzima? Yaani kazi ambayo obo inasimama mbele na okestra yote inaifuata.

Mzee akajibu neno moja. Hapana.

De Lancie akaaga, akaenda zake. Miezi michache baadaye akasoma kwamba Strauss ameandika koncheto ya obo. Mzee alikuwa amehamia Uswisi, akaimaliza huko Oktoba 1945. Hata aliandika kwamba wazo lilitoka kwa askari wa Kimarekani, mpiga obo wa Chicago. Mji alikosea, lakini mtu alimkumbuka. Ikapigwa mara ya kwanza Zürich, tarehe 26 Februari 1946, na Marcel Saillet.

"Subiri, Mjomba, hapo ndipo inapouma." Strauss alitaka de Lancie awe wa kwanza kuipiga Marekani. Lakini mwaka ule ule wa 1946 de Lancie alikuwa ameingia okestra ya Philadelphia, chini ya Tabuteau, yule yule mwalimu wake aliyemfundisha tangu akiwa na miaka 15 katika chuo cha muziki cha Curtis. Katika okestra, nafasi kama ile ni ya mwenye kiti cha kwanza. Mdogo hasimami mbele ya mkubwa. De Lancie akaiachia haki yake kwa rafiki, Mitch Miller, aliyekuwa akipiga katika okestra ya redio New York, naye ndiye aliyeipiga Marekani mara ya kwanza, 1948. Kiti cha kwanza de Lancie alikipata 1954, Tabuteau alipostaafu. Alikikalia mpaka 1977, akaenda kuongoza chuo cha Curtis. Koncheto aliyoiombea katika nyumba ile aliirekodi mwaka 1987, akiwa na miaka 66.

Nilihesabu. Miaka arobaini na miwili.

"Na wewe utaipiga Jumamosi?"

"Nikifika duru ya pili."

Kwenye treni ya kurudi alinifungulia ukurasa wa kwanza. Mimi noti sizisomi, lakini kitu kimoja nilikiona: obo inaanza karibu mara moja, sello, zile fidla kubwa za sauti nzito, zikiwa zimenong'ona kidogo tu, kisha mstari mweusi unaendelea, unaendelea, vipimo vya wimbo zaidi ya hamsini bila mahali pa kupumzika. Nilidhani shida ni kuishiwa na pumzi. Akasema ni kinyume. Tundu la tete ni dogo mno, hewa haitoki yote. Inakuchachia kifuani. Mpiga obo lazima apumue nje kwanza ile iliyochoka, ndipo avute mpya, na yote hayo kwenye upenyo wa kupepesa jicho. Nimewahi kuzamia pweza nikiwa kijana, na kuzama ukiwa umejaa hewa ni jambo nisilolijua.

Jumatano, Markneukirchen

Hii niliiomba mimi. Treni, treni nyingine, kisha basi, mpaka mji mdogo mpakani na Cheki ambako kila jirani ni fundi wa ala. Chama chao cha mafundi wa fidla kilianzishwa 1677 na wakimbizi wa dini kutoka Bohemia, na makumbusho yao ya ala yapo tangu 1883. Makumbusho tuliyapitia mbio. Nilitaka karakana, na mpwa wangu alikuwa na miadi katika moja, kitufe chake kimoja kilikuwa kinavuja.

Fundi, mzee wa makamo yangu, hakujua Kiswahili wala mimi Kijerumani. Alinipeleka chumba cha nyuma akavuta droo. Nikanusa kabla sijaona.

Vipande vya mpingo, mraba, virefu kama mkono kutoka kiwiko mpaka kifundo, vimechovywa nta kwenye vichwa visipasuke. Mamia. Nikachukua kimoja, nikakipima mkononi. Sikuhitaji mkalimani. Mti ambao ukidondokea majini unazama, ambao msumeno ukiuingia jioni, asubuhi unatafuta tupa, ambao vumbi lake linakuchonyota pua siku mbili. Na gogo ambalo kwa nje limesimama kama askari, ukilipasua unakuta pango. Nikaonyesha kwa kidole mstari mweupe ulioachwa pembeni ya kipande kimoja, ule ubao wa nje. Fundi akacheka, akatikisa kichwa, akakirusha kwenye pipa la takataka. Tunaelewana.

Mpwa wangu akatafsiri: mti unatoka Tanzania au Msumbiji, unafika kwa dalali, dalali anauza. Kijiji gani? Fundi hajui. Mimi niko Kilwa. Najua vijiji kama Kikole na Kisangi ambavyo vina misitu yao wenyewe, na mwaka 2009 mpingo wao ulipata cheti cha FSC, cha misitu inayovunwa kwa uangalifu, na pesa zinabaki kijijini. Nikasema majina hayo polepole. Fundi akachukua kalamu akaandika, Kikole akaiandika sawasawa kwa mara ya kwanza.

Nilichojifunza pale kama seremala: hawana haraka hata kidogo. Kipande kinakaa miaka kwenye rafu. Kinakerezwa kuwa mviringo, kinatobolewa tundu jembamba, kisha kinarudishwa rafuni tena kipumzike. Ndipo tundu linapanuliwa kwa kisu kirefu chenye umbo la mwiba, kwa sababu ndani ya obo si bomba la maji: juu ni jembamba, chini linafunguka. Vipande vitatu, jumla kama sentimita 65. Vitufe vya fedha vinapangwa juu yake kama mifupa ya samaki. Na hata baada ya hayo yote, obo mpya haipigwi siku nzima. Dakika chache, inafutwa kwa unyoya au kitambaa, inawekwa. Kesho dakika chache zaidi. Ukiipiga kwa pupa wakati wa baridi, pumzi ya moto ndani na hewa ya barafu nje, inapasuka. Kila mpiga obo anamjua mwenzake aliyelia.

Fundi akalalamika kidogo kuhusu karatasi. Mwanzoni mwa 2017 miti yote ya jamii ya mpingo iliwekwa chini ya ulinzi wa CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, na ghafla fundi akiuza obo ng'ambo ya Ulaya ilikuwa kama anauza pembe ya ndovu. Mwisho wa 2019 ala zilizokwisha tengenezwa zikaondolewa kwenye masharti hayo. Gogo bado linahitaji kibali. Nikasema kwetu hata kabla ya CITES gogo lilihitaji kibali, tatizo ni wanaokata usiku.

Nilipoondoka alinipa kipande kilichopasuka, hakifai tena kwa ala. Nikakitia kwenye mfuko wa koti la dada.

Alhamisi

Mvua. Yeye kafanya mazoezi, mimi nimechonga kitu. Wali na maharage.

Ijumaa, njiani

Mji tulioufikia sitautaja, wala okestra yake. Una mto, una mnara, una hoteli yenye hita isiyozimika.

Hita hiyo ndiyo habari ya leo. Tete tatu za "labda" zilikuwa nzuri Munich. Hapa, kwenye hewa kavu, zote tatu zimefunga mdomo kama chaza. Alizijaribu moja moja kitandani, uso haukusema kitu. Akafungua begi, akatoa visu. Visu alivipakia kwenye begi kubwa la mizigo. Kwenye ndege haviruhusiwi mkononi, na ingawa leo tulikuja kwa treni mazoea hayamwachi.

Wakati anakwangua nilimwuliza kuhusu maisha haya. Ana miaka 29. Ana shahada mbili. Huu ni usaili wake wa tisa, na kwa kila mmoja aliofika yapo maombi ambayo hayakujibiwa, maana hata kuitwa lazima uchaguliwe. Katikati anafundisha watoto na kushika kiti cha mtu aliyeugua, okestra hii leo, ile kesho. Ujerumani ina okestra za kulipwa karibu 130, hakuna nchi inayoikaribia, lakini okestra moja ina viti vichache tu vya obo, mara nyingi vinne, na mwenye kiti akikaa anakaa mpaka pensheni. Kiti cha kesho ni obo ya pili. Nikasema si kama kuwa utingo badala ya dereva? Akakasirika kidogo. Obo ya pili inaishi chini kabisa ya ala, kwenye sauti nzito ambazo hazitaki kutoka kwa upole, na inatakiwa kuzitoa kwa upole. Wa kwanza akikosea watu wanasema ana hisia. Wa pili akikosea wanasema amekosea.

Na usaili ukishinda? Mwaka mmoja wa majaribio, halafu okestra inapiga kura tena.

Saa nne usiku tete mbili zilifufuka.

Jumamosi

Ndugu hawaruhusiwi ukumbini. Niliachwa kwenye benchi la korido, karibu na mashine ya kahawa, na kwa kweli sikukosa kitu, kwa sababu milango ya vyumba vya mazoezi ilikuwa miembamba.

Wote walipiga Mozart. Wote! Koncheto ya obo ya Mozart, ya C, aliyoiandika Salzburg mwaka 1777 kwa ajili ya mpiga obo Giuseppe Ferlendis. Ilipotea muda mrefu. Watu waliijua kama koncheto ya filimbi, kwa sababu Mozart mwenyewe aliigeuza akaiuza upya kwa mteja mwingine (fundi gani hajawahi kufanya hivyo), mpaka karatasi za obo zilipoonekana Salzburg mwaka 1920. Leo hakuna anayepata kiti cha obo bila kuipita. Obo inaingia kwa kupanda ngazi haraka, kisha inashika sauti moja ya juu, C, na kuishikilia vipimo vinne vizima huku okestra inacheza chini yake.

Nilihesabu makasha kwenye korido, ishirini na sita. Na C hiyo niliisikia kutoka kila pembe. Moja ilikuwa nyembamba kama uzi wa mvuvi. Moja nene, ya kijana mrefu aliyevaa soksi bila viatu. Moja ilitetemeka mwishoni na mlango ukanyamaza muda mrefu. Nilikuwa nadhani ala ndiyo yenye sauti. Sasa nilikuwa nimeketi kati ya miti ishirini na sita ya nyumbani, yote mpingo, na hakuna miwili iliyosema neno moja.

Duru ya kwanza wanapiga nyuma ya pazia, wanaosikiliza wasijue ni mwanamke au mwanamume, wa wapi, mwanafunzi wa nani. Mpwa wangu alikuwa namba 14. Alivaa viatu vya raba, maana kisigino kinaweza kukusaliti. Aliingia, nikasikia piano ikimpa sauti ya A, kimya kidogo, kisha ile ngazi, kisha C. Imenyooka kama kamba ya bao. Dakika chache tu akatoka.

"Vipi?"

"Sijui, Mjomba. Usiniulize."

Karibu saa nzima ikapita. Mwanamke mwenye karatasi akatoka akasoma namba tano. 14 ilikuwemo. Waliobaki walianza kufunga makasha bila kelele, kwa adabu iliyoniuma kuliko kilio. Yule kijana wa soksi alimshika mpwa wangu bega akamtakia heri.

Duru ya pili, Strauss. Hapo nilisimama. Nilijua sasa mstari ule mweusi ni nini, na nikajikuta nami nimeshika pumzi, mtu mzima wa miaka hamsini na minne amesimama kando ya mashine ya kahawa anamsaidia mtoto kutopumua. Alipumua nje, akavuta. Nilisikia. Akaendelea. Watano wakawa watatu, na 14 bado yumo. Duru ya tatu vipande vifupi vya okestra, vile vya chini, vya upole. Mlangoni nilisikia sauti nzito inaingia bila kubisha hodi, kama mtu anayevua viatu nje.

Kisha wakaketi kupiga kura. Huku si kondakta anayeamua (wa okestra, si wa daladala), wanamuziki wenyewe ndio wanaopiga kura. Watatu walikaa pamoja kwenye korido wakigawana chokoleti. Dakika arobaini.

Mwanamke mwenye karatasi akatoka, safari hii bila karatasi. Akasema kwa Kijerumani, na kwa jinsi mabega ya wote watatu yalivyoshuka pamoja nikaelewa. Hakuna aliyechaguliwa. Kura hazikutosha kwa yeyote. Kiti kitatangazwa upya.

Nilitaka kuuliza ni haki gani hiyo, kuita watu ishirini na sita kutoka nchi sita na kiti kibaki kitupu. Mpwa wangu akanishika mkono. "Ni kawaida, Mjomba. Inatokea mara nyingi." Akachukua unyoya wa bata mzinga, akaupitisha kwenye kipande cha juu, akafuta cha kati kwa kitambaa, akafuta kengele, kile kipande cha chini chenye mdomo mpana, akavilaza vyote kitandani mwao mwa kitambaa chekundu, akafunga.

Usiku tulikula kuku wa kukaanga kwa Mturuki. Alikula vizuri.

Jumapili, kwenye treni

Alilala mpaka karibu na Nürnberg. Alipoamka akatoa glasi ndogo ya plastiki, akaomba maji kwa mhudumu, akaloweka kipande cha tete. Jumatano ana kibarua cha siku mbili, mtu ameugua.

Nikaona ndio wakati. Nikamtolea kile nilichokichonga Alhamisi kutoka kwenye mpingo wa yule fundi: kibamba cha kuingiza katikati ya tete, umbo la jani la mwembe, nimekipiga msasa mpaka kikawa kama ukucha. Alikigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Akakiingiza katikati ya papi, akakwangua mara mbili, akasimama, akapitisha kidole gumba ukingoni.

"Mnene upande huu."

"Wapi?"

"Hapa. Karibu na ncha. Kidogo sana."

Nikapitisha kidole. Sikuhisi kitu. Nikapitisha tena, nimefumba macho, na kweli, kulikuwa na kitu pale, kama unywele uliolala.

"Una msasa?"

Akafungua begi, akanipa wa namba 600.